Kilo Moja Katika Sita

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kavu, ya kupasua midomo, na upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi na nyuzi za pamba hadi kwenye ua wa minyaa. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu hata moja. Kwenye kituo cha kununulia pamba, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kolandoto, wakulima walikuwa wamekwishapanga foleni, kila mmoja amekalia mzigo wake.

Mageni na mkewe Eufrasia walifika wakisukuma baiskeli mbili. Ya Eufrasia ilibeba pamba. Ya Mageni ilibeba begi kubwa jeusi lililofungwa kwa mpira, na watu walilitazama begi zaidi kuliko walivyoitazama pamba.

Mageni alikuwa mzamiaji. Kwenye machimbo ya Geita, duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, likijaa maji, yeye ndiye aliyeitwa. Alishuka na mtungi wa hewa mgongoni ndani ya maji mazito kama uji, akapapasa kwa mikono mpaka aipate pampu iliyozama. Mara nyingine alipandisha mtu. Tangu mwaka uanze alikuwa amepandisha watu watano. Wachimbaji walimwita Kambale.

Sasa kampuni moja ya kusafisha mabwawa ya umeme nchini Zambia ilikuwa imempa kazi ya miezi sita, na tiketi ya ndege. Sharti lilikuwa afike na vifaa vyake vyote, isipokuwa mtungi. "Huko nitazoa majani na matope," alimwambia mkewe siku habari ilipokuja. "Majani, Mama Ritha. Siyo watu." Eufrasia alipiga magoti palepale jikoni, akamshukuru Mungu mpaka uji ukaungua.

"Mwangaluka, karani," Mageni alisalimu.

"Mwangaluka mhola," aliitikia Onesmo, karani wa mzani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kalamu mbili mfukoni. "Leo naona umeniletea pamba nyeusi."

Foleni ilicheka.

"Ni vifaa vyangu vya kuzamia. Kesho napanda ndege Mwanza. Wamesema mzigo ni kilo ishirini na tatu, usizidi. Nikaona nije kwenye mzani ninaoujua."

"Jamani! Kambale anapanda ndege!" Onesmo alipiga kofi pajani. "Haya, lete. Lakini mzani unakula betri. Elfu moja."

"Elfu moja ya kupima begi?" Eufrasia aliuliza.

"Mama Ritha, mume wako anakwenda kulipwa dola, wewe unalilia elfu moja?"

Eufrasia alifungua fundo la kitenge, akatoa. Begi lilitundikwa kwenye ndoano, namba nyekundu zikarukaruka, zikatulia. Ishirini na mbili na nusu.

"Bado una nusu kilo ya zawadi," alisema Onesmo. "Mpelekee Mzambia."

Eufrasia alikuwa amefunga michembe kwenye mfuko, viazi vilivyokaushwa juani, kwa sababu mtu hawezi kwenda nchi ya watu bila chakula cha kwao. Aliuingiza mfuko kwenye begi, ukapimwa tena. Ishirini na tatu kamili. Akashika kifua kwa furaha. Hata Mungu alikuwa amepima pamoja nao, aliona.

"Mimi wasingenipakia," Onesmo aliwaambia watu huku akijipapasa tumbo. "Wiki iliyopita nimekwenda hospitali kwa ajili ya presha, wakanipandisha kwenye mzani wa daktari. Kilo tisini, kamili! Daktari ananiambia nipunguze. Nikamwambia, daktari, hiki ni kitambi cha kazi halali."

Watu walicheka sana, na Eufrasia alicheka nao. Kisha Onesmo akaipima pamba ya Eufrasia. Robota la mwisho alichovya mkono ndani, akanusa vidole, akalisukuma pembeni kwa mguu.

"Hili lina unyevu. Na ni fifi, daraja la pili. Kaanike tena."

"Nimeanika siku nne, karani."

"Anika ya tano. Anayefuata!"

Eufrasia akalibeba robota lake kulirudisha nyumbani, mbele ya watu wote. Siku hiyo hakuona uchungu. Mume wake alikuwa anasafiri.

* * *

"Baba, mzigo umezidi."

Binti wa kaunta kwenye uwanja wa ndege wa Mwanza alikuwa na kibao kifuani kilichoandikwa Samia. Alisema kwa upole, kama mtu ambaye ameshasema hivyo mara ishirini tangu asubuhi.

"Hapana, binti yangu," alisema Mageni. "Ni ishirini na tatu. Nimepima jana."

"Hapa inasoma ishirini na saba na pointi sita. Umepima wapi?"

"Kwenye mzani wa pamba."

Nyuma yake mtu alicheka. Mageni hakugeuka.

"Unaweza kulipia kilo tano," Samia aliendelea. "Kila kilo elfu thelathini. Au upunguze vitu. Lakini fanya haraka, kaunta inafungwa saa saba."

Mageni alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa sita na nusu. Mfukoni alikuwa na elfu sitini, nayo ilikuwa ya kufikia ugenini. Lakini hakufikiria fedha kwanza. Alifikiria mizani yote aliyosimama mbele yake tangu utoto, ya pamba, ya choroko, ya mpunga. Hakuwahi kukutana na mmoja uliosoma kwa faida yake. Wao wakinunua, kilo hupungua. Basi ni wazi kwamba wao wakitoza, kilo huongezeka. Mchezo huo aliujua. Safari hii alikuwa amejipima mapema, akijua atakuja kuambiwa hivi.

"Mzani wenu unaiba," alisema.

"Baba!"

"Unaiba, nasema. Mmeona mtu katoka kijijini na begi lake, mkaona huyu hajui. Niitie mkubwa wako. Leo sidhulumiwi."

Mkubwa alikuja, kijana mwenye tai, akaeleza yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Mageni naye akapandisha sauti. Foleni ilihamia kaunta nyingine. Dada mmoja aliinua simu akawa anarekodi. "Begi langu ni kilo ishirini na tatu!" Mageni alirudia, akapiga kaunta kwa kiganja. "Nimelipa elfu moja kulipima! Nina shahidi!" Akalifungua begi sakafuni ili waone hana cha ziada. Akatoa vazi zito la mpira, mapezi ya kuogelea, miwani, taa, kifaa cha kupumulia alichokiviringisha ndani ya suruali zake mbili. Mfuko wa michembe ulipasuka. Vipande vikatawanyika kwenye vigae, na abiria mmoja akapitisha magurudumu ya sanduku lake juu yake, akaruka kando kana kwamba amekanyaga kinyesi. Mageni alipiga magoti akaokota, kipande kimoja kimoja, mbele ya viatu vya watu.

Samia ndiye aliyezunguka kaunta akachuchumaa karibu naye.

"Baba, tusigombane. Una kitu chochote humu unachojua uzito wake kwa hakika?"

Mageni aliacha kuokota. Kisha akauvuta mkanda wake kutoka chini ya begi. Ulikuwa na vipande sita vya madini ya risasi, vya kumzamisha mtu maana mwili huelea. Alikuwa ameviyeyusha mwenyewe kutoka kwenye betri mbovu za magari, akavipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu mjini Geita, kwenye mzani ambao watu hutoana macho kwa pointi moja ya gramu. Kilichozidi alikikwangua, kilichopungua alikiongeza. Kila kipande kilo mbili. Mzamiaji asiyejua uzito wa mkanda wake hajui kama atapanda juu.

"Mbili," alisema, akaweka kipande kimoja kwenye mzani wa kaunta.

Kioo kilisoma mbili, nukta, sifuri.

Akaweka mkanda mzima. Kumi na mbili, nukta, sifuri.

Mageni alisimama akiitazama namba ile. Masikio yalianza kumziba kama yanavyoziba mtu akishuka majini kwa haraka. Mzani huu haukuiba. Huu ulikuwa wa kwanza maishani mwake kumwambia ukweli, na alikuwa ameuita mwizi kwa nusu saa nzima.

"Samia, tumefunga," alisema kijana wa tai.

"Bado huyu mmoja, anapunguza tu..."

"Saa saba na dakika tatu. Ndege imefungwa."

Samia alitazama vitu vilivyokuwa sakafuni. "Ungetoa vipande viwili tu vya huo mkanda, baba," alisema taratibu. "Viwili, na hizi... hizi ni nini?"

"Michembe."

"Viwili na michembe. Ingekuwa ishirini na tatu kamili."

"Nisamehe, binti yangu," alisema Mageni. "Nimekuita mwizi. Mwizi nimemwacha nyumbani."

* * *

Mwita, msimamizi aliyemtafutia kazi, alipiga simu kutoka Zambia Mageni akiwa kwenye basi la kurudi. Hakutukana. Alisema tiketi inaweza kubadilishwa kwa laki tatu na kitu, kwa ndege ya Jumamosi. "Ukiikosa ya Jumamosi, Mageni, kuna jamaa wa Kigoma ana vifaa vyake na yuko tayari. Bosi hapa hajui mambo ya pamba."

Jumanne hiyo jioni, kabla jua halijazama, Eufrasia alimwona mumewe akiingia uani na begi. Alidhani ndege imeanguka. Alipoelezwa namba zote mbili, ishirini na tatu ya Onesmo na ishirini na saba na pointi sita ya Mwanza, alipiga hesabu kichwani. Aliingia ndani, akatoka na kijiti, akachora mistari sita kwenye vumbi. Mstari wa sita akaufuta kwa kidole gumba.

"Mkanda wa kilo kumi na mbili, kwa mzani wake utasoma kumi," alisema polepole. "Kilo moja katika kila sita. Tangu amekuja hapa, misimu minne. Katika kila marobota sita niliyolima, robota moja nimelima kwa ajili ya Onesmo. Nimepalilia kwa ajili yake. Nimechuma kwa ajili yake nikiwa na mimba ya Ritha."

"Nitamwua," alisema Mageni.

Hakulisema kwa kelele. Alijua mambo ya pumzi. Alijua mtu mnene, asiyezoea maji, hukaa sekunde hamsini kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amezihesabu njia nzima kutoka Mwanza, moja hadi hamsini, akianza upya kila mara.

Eufrasia aliingia chumbani akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Kwa kawaida aliomba kwa sauti ya chini, akianza na shukrani. Siku hiyo hakuanza na shukrani. Aliomba mkono wa Onesmo ukauke, ule unaoandika. Aliomba usingizi umkimbie. Aliomba afe, na kabla hajafa ajue ni kwa nini. Mungu husikia hata sala za namna hiyo, na huenda huzisikiliza kwa makini zaidi, kwa maana zinatoka mahali ambapo mtu hana cha kuficha. Alipoinuka, magoti yalikuwa na alama za mchanga, na hakuona aibu.

* * *

Kijijini habari hazihitaji tiketi. Jumatano saa tisa alasiri pikipiki ya Onesmo ilisimama nje ya ua.

"Hodi hapa! Mama Ritha, habari za kutwa?"

"Karibu, karani." Eufrasia alimwekea kigoda, akamletea maji ya kunywa. Halafu akaingia ndani akatoka na sahani ya michembe ya kuchemsha. Ilikuwa ile ile iliyookotwa sakafuni Mwanza. Aliiosha, lakini mara moja tu.

Onesmo alikula, akasifu. Kisha akafuta vidole.

"Baba Ritha, nimesikia yaliyokupata. Nimeumia. Sasa, mzani ni mashine, na mashine huwa na hitilafu ndogo ndogo. Mimi si fundi."

"Hitilafu hiyo haijawahi kuelekea upande wetu," alisema Mageni.

"Tusifike huko. Sisi ni majirani." Akaweka bahasha ya kaki juu ya kigoda, karibu na sahani. "Humo kuna laki nne. Ubadilishe tiketi, ulipie na mzigo. Jumamosi uko angani. Mambo haya tuyamalize kiume, hapa hapa. Hakuna haja ya maneno kituoni."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa chembe ya kiazi. Mageni aliitazama bahasha. Mkewe naye aliitazama. Humo ndani kulikuwa na majani na matope, miezi sita ya usingizi, simu isiyolia alfajiri kusema duara limemeza mtu.

"Chukua," alisema Eufrasia.

Mageni akageuka kwa mshangao.

"Chukua, Baba Ritha. Nataka alipe. Lakini nakutaka wewe zaidi. Chukua, uende."

Onesmo aliitikia kwa kichwa, akitabasamu. "Mwanamke mwenye hekima."

Mageni aliiokota bahasha. Ilikuwa na uzito anaoujua. Akaketi nayo mkononi.

"Mama Ritha, kuna jambo sijakwambia," alisema, akizungumza na mkewe kana kwamba mgeni hayupo. "Wale watu watano. Kila nilipompandisha mtu, mwenye duara alinipa malipo yangu, halafu akanipa na bahasha nyingine. Ya kutosema kamba ilikuwa imeoza. Ya kutosema pampu ilizimwa kuokoa mafuta. Na mimi nilichukua. Zote tano. Nguo za Ritha, bati hili tunalolala chini yake. Ndugu wa marehemu walinishika mikono wakanishukuru, wabeja, wabeja, nami bahasha iko mfukoni."

Machozi yalimtiririka Eufrasia.

"Hii ni ya sita," alisema Mageni. Akamrudishia Onesmo bahasha mapajani. "Kilo moja katika sita, karani. Hii moja ndiyo nairudisha."

Onesmo alisimama. Ucheshi ulikuwa umemtoka usoni. "Basi usipande ndege. Rudi Geita ukavue maiti. Na hicho chuma chako usikilete kituoni kwangu, hakuna atakayekuamini."

Pikipiki ilipoondoka, Eufrasia alijifuta uso kwa kitenge, akajifunga vizuri.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bibi Tabu, kisha nyumba kwa nyumba. Kesho waje wote, hata asiye na pamba. Na kwa mtendaji nitapita."

* * *

Alhamisi kituo kilijaa kama siku ya mnada. Agnetha, mtendaji wa kijiji, alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwa na daftari. Bibi Tabu, mjane aliyekuwa na heka moja ya pamba na ulimi usiochoka, alikaa chini mbele kabisa.

Zamu ya Mageni ilipofika, aliutundika mkanda kwenye ndoano.

"Hii nayo ni pamba?" Onesmo aliuliza.

"Nyeusi. Jina hilo ulilitoa wewe."

Namba zikatulia. Kumi. Watu walioweza kusoma waliwasomea wasioweza.

"Mkanda huu ni kilo kumi na mbili," alisema Mageni kwa sauti. "Nimeupima Geita kwa mzani wa dhahabu. Jumanne nimeupima uwanja wa ndege. Kote ni kumi na mbili. Umefika hapa, umekonda."

"Geita! Uwanja wa ndege!" Onesmo alicheka, akawageukia watu. "Nani kati yenu alikuwepo? Mtu anayeyusha mabetri nyuma ya nyumba, anachelewa ndege kwa ujinga wake, halafu anatafuta wa kumlaumu. Mnamwamini?"

Baadhi walicheka. Mwanamume mmoja kwenye foleni alipaza sauti: "Mageni, pima pamba au utupishe, jua linapanda!" Foleni ikaanza kusukumana. Agnetha alikuwa bado hajaandika kitu.

Ndipo Eufrasia akasogea mbele, mikono ameikunja kifuani.

"Karani, Jumatatu ulituambia una kilo ngapi?"

Onesmo alijipapasa mfuko wa kalamu.

"Ulituambia hapa hapa. Mzani wa daktari. Kilo ngapi?"

"Tisini!" Bibi Tabu alipiga kelele. "Kamili! Na kitambi cha kazi halali!"

"Tisini!" watu waliitikia, maana karibu wote walikuwepo na wote walikuwa wamecheka.

"Basi panda," alisema Eufrasia.

Onesmo alirudi hatua moja nyuma, akakuta kifua cha mtu. Akarudi upande wa pili, akakuta kingine. Fimbo mbili tatu ziliinuka. Agnetha akasimama.

"Asipigwe mtu! Atakayempiga karani, nitamweka ndani yeye kwanza." Akafungua daftari. "Lakini kupimwa siyo kupigwa."

Walitandika shuka la kufungia pamba, wakamkalisha katikati, wakakusanya pembe nne na kufunga fundo, kama wafungavyo robota. Wanaume wanne walimwinua. Boriti ililia. Kiatu chake kimoja kilidondoka, na kalamu zote mbili. Alining'inia pale, magoti yamegusa kidevu, akizunguka taratibu kushoto, kisha kulia, na namba nyekundu juu ya kichwa chake zikarukaruka.

Sabini na tano.

Kila mtu alikuwa anatoa hesabu yake kichwani, msimu kwa msimu.

"Karani, umekonda!" Bibi Tabu alisema. "Kilo kumi na tano kwa siku tatu! Ni maradhi gani haya?"

"Ana unyevu huyo!" mwingine akadakia. "Mwanikeni!"

"Ni fifi! Msukumeni pembeni kwa mguu!"

"Na atoe elfu moja, mzani unakula betri!"

Walimwacha aning'inie. Hakuna aliyekuwa na haraka. Wao waliwahi kungoja hapo siku nzima. Eufrasia alimtazama usoni alivyokuwa akizunguka, na kila alipomfikia alihakikisha macho yao yanakutana. Mageni alikuwa anahesabu kimya kimya. Alipofika hamsini akasema, "Mshusheni."

Agnetha aliushusha mzani mwenyewe, akautia kwenye gunia, akafunga, akawaita watu watano watie dole gumba kwenye karatasi aliyoibandika juu. "Hautaguswa mpaka watu wa vipimo wa mkoa waje. Daftari la manunuzi nalo nalichukua."

Onesmo alikuwa bado amekaa juu ya shuka, mguu mmoja mtupu. Alipoona daftari linaondoka alivuta ile bahasha ya kaki kutoka mfukoni.

"Mageni, ndugu yangu. Pokea. Siyo kwa siri tena, ni mbele ya mtendaji, mchana kweupe. Ni haki yako. Ndege ya Jumamosi bado unaiwahi."

Kelele zikatulia. Sasa haikuwa bahasha ya kunyamazisha mtu, na wote waliliona hilo. Hata Bibi Tabu alitikisa kichwa kumhimiza apokee. Simu ya Mageni ilikuwa imelia asubuhi ile, kabla hawajatoka nyumbani. Duara moja limejaa, watu wawili hawajaonekana.

"Hizo ni pamba za watu hawa," alisema hatimaye. "Nikizipandia ndege kwenda Zambia, wewe utasema umeshalipa, na hawa wasio na mkanda watangoja mpaka wachoke. Mtendaji, pokea wewe. Andika orodha. Aanze Bibi Tabu. Jina langu liandike la mwisho."

"Mageni, na ndege?" mtu aliuliza.

"Itakwenda."

Akauchukua mkanda wake, akaufunga kiunoni hapo hapo, kama mtu anayejiandaa kushuka. Eufrasia aliutazama mkanda ule ukimkaa mumewe, akajua kwamba kesho utakuwa ndani ya tope.

Onesmo naye alikuwa amemwona Eufrasia akitazama. Akamgeukia yeye, mikono ameifumbata.

"Mama Ritha, wewe ni mtu wa sala. Waambie wanisamehe. Nina presha, nitakufa mimi."

Eufrasia alimsogelea mpaka kivuli chake kikamfunika. Aliongea polepole, ili Agnetha apate kuandika.

"Karani, Jumanne nilikuombea ufe. Kwa magoti yangu haya. Leo sala hiyo naiondoa, na nyote mliopo hapa ni mashahidi wangu. Naahidi, kila asubuhi na kila jioni nitakuombea uzima. Nitaomba presha ishuke. Nitaomba usipate hata homa ya siku moja. Mume wangu akishuka kwenye duara nitamwombea yeye, halafu nitakuombea wewe, siku zote, mpaka jina la mwisho kwenye orodha hiyo lilipwe. Siku hiyo nitakusamehe. Kabla ya hapo, huna ruhusa ya kufa na kilo zetu."